Nyumba ya Mjini na Gharama Zake Zisizoonekana

Mtu wa shambani aazimiapo kujenga nyumba, mambo mengi huwa yamekwisha patikana kabla hajaanza kazi. Kiwanja ni cha ukoo wake, wala hadaiwi thamani yake na mtu. Nguzo na fito hukatwa karibu, udongo huchimbwa papo hapo, na majirani huja kusaidia kukandika kuta, malipo yao yakiwa chakula na shukrani. Maji ni ya mto au ya kisima, na choo huchimbwa nyuma ya nyumba. Pengine vitu vinunuliwavyo kwa fedha ni mabati, misumari na mlango tu.

Mtu huyo huyo akija Nairobi, kila kitu kati ya hivyo kina bei yake. Ndiyo sababu wengi hustaajabu wakiambiwa ya kuwa nyumba ya vyumba viwili mjini yapita thamani ya shamba zima kwao. Hudhani ya kuwa mjenzi anawapunja. Huenda ikawa kweli, maana wapunjaji hawakosekani. Lakini hata mjenzi mwaminifu kabisa hawezi kuuza nyumba kwa bei ya mawe na saruji peke yake. Sehemu kubwa ya bei imo katika vitu asivyoviona mtu asimamaye barabarani na kuitazama nyumba: ardhi iliyo chini yake, mabomba yaliyofukiwa, na muda aliopewa mnunuzi wa kulipa.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1948 ilikuta watu wapatao 119,000 katika Nairobi. Ile ya mwaka wa 1979 ilikuta watu 827,775, na ile ya mwaka wa 2019 ikakuta 4,397,073. Ni kweli ya kuwa mipaka ya mji nayo ilipanuliwa. Hata hivyo mji umekua zaidi ya mara thelathini katika maisha ya mzee mmoja.

Mji huo haukuandaliwa kwa wingi wa namna hiyo. Wakati wa ukoloni ilichukuliwa ya kuwa Mwafrika huja mjini kwa muda, afanye kazi, kisha arudi kwao. Kwa hiyo hakuhesabiwa kwa nyumba bali kwa kitanda. Majengo ya Kariokor, yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, yalikuwa mabweni ya wanaume walioacha jamaa zao nyumbani. Mke na watoto hawakuwamo katika hesabu, wala mshahara haukukadiriwa kwa ajili yao. Katika mwaka wa 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Hata hivyo ilipita miaka mingine kumi na mitano kabla kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter haijashauri, katika mwaka wa 1954, ya kwamba mshahara upimwe kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake, si kwa mahitaji ya mwanamume mmoja.

Lakini palikuwa na mahali pamoja palipofuata njia nyingine. Huko Pumwani, tangu mwanzo wa miaka ya 1920, mji ulipima viwanja, ukaweka mifereji na vyoo vya kutumiwa na wote, na Waafrika wakajijengea wenyewe nyumba za udongo na miti. Wenye nyumba hizo, na si wachache wao walikuwa wanawake, waliishi katika chumba kimoja wakapangisha vingine. Yafaa jambo hilo likumbukwe, maana miaka hamsini baadaye lilirudi Nairobi likiitwa jipya.

Kabla ya kufika huko ni vema gharama zenyewe zitazamwe. Ya kwanza ni ardhi, nayo kila mtu aijua: iliyo karibu na kazi ni ghali, na iliyo mbali ni rahisi. Ya pili ni maji, barabara na mitaro ya maji machafu. Watu hufikiri ya kuwa mtaa usio na mabomba ni wa gharama ndogo. Sivyo. Mpangaji wa chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na kwa kila lita hulipa zaidi ya tajiri mwenye mfereji ndani ya nyumba. Kwa hiyo maskini hulipia bomba asilokuwa nalo, siku kwa siku, wala bomba haliji.

Gharama ya tatu ndiyo isiyofahamika vema, nayo ni riba. Chukua mfano wa mtu apataye shilingi 20,000 kwa mwezi. Akitenga asilimia 30 ya mapato yake kwa ajili ya nyumba, atakuwa na shilingi 6,000 za kulipa. Ameona nyumba ya shilingi 1,000,000, naye hana akiba, basi akakopa fedha zote. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na muda wa miaka 20, atadaiwa shilingi kama 11,000 kila mwezi, na hatimaye atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 2,600,000. Pengine rafiki atamshauri aombe miaka 30 badala ya 20. Shauri hilo halitamfaa kitu: malipo yatashuka yawe 10,300 tu, kwa sababu katika miaka ya kwanza karibu fedha zote alipazo huliwa na riba, na deni lenyewe haliguswi. Lakini riba ikishuka kuwa asilimia 6, malipo ya miaka 20 yatakuwa kama shilingi 7,200, na ya miaka 30 yatakuwa kama 6,000. Nyumba ni ile ile, na fundi hakupunguza hata jiwe moja. Ila sasa mtu wa shilingi 20,000 aweza kuinunua, na mwanzo hakuweza. Anayeahidi nyumba za bei nafuu na aulizwe kwanza habari za riba, kisha habari za matofali.

Hesabu hiyo yote yamhusu mtu mwenye mshahara. Kwa yule asiye na mshahara wa kila mwezi, njia nyingine ilijaribiwa Dandora, upande wa mashariki, umbali wa kilomita kama kumi kutoka katikati ya Nairobi. Katika mwaka wa 1975 Serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilipatana kuandaa viwanja 6,000 mahali hapo. Wazo lenyewe lilikuwa hili: kazi asiyoiweza maskini peke yake ifanywe na Halmashauri ya Jiji, na ile aiwezayo aachiwe mwenyewe. Hakuna mtu awezaye kujitengenezea mtaro wa maji machafu wa mtaa mzima. Lakini karibu kila mtu, akipewa nafasi, aweza kuinua ukuta kidogo kidogo. Basi viwanja vya mita za mraba kati ya 100 na 160 vilipimwa, barabara zikakatwa, maji yakavutwa, na katika kila kiwanja kikajengwa choo pamoja na mahali pa kuogea. Baadhi ya viwanja viliongezewa jiko au chumba. Aliyepewa kiwanja alikopeshwa fedha za vifaa, naye akajenga vyumba vyake kwa mikono yake au kwa kumwajiri fundi. Viwanja vichache vilivyo bora viliuzwa kwa bei ya soko ili faida yake iwapunguzie wengine mzigo.

Waombaji walizidi viwanja mno, hata ikabidi kura ipigwe. Palikuwa pia na mabishano marefu juu ya sheria za ujenzi. Wengine waliogopa ya kuwa fedha za umma zingejenga mtaa mwingine wa vibanda. Wengine walijibu ya kuwa sheria ikidai vipimo vya nyumba ya tajiri, maskini hataacha kujenga. Atajenga nje ya sheria, kama ilivyokwisha kuonekana katika bonde la Mathare. Mabishano hayo yalichelewesha kazi, na kwa mtu alalaye chumba kimoja na watoto watano kuchelewa si jambo dogo.

Matokeo ya Dandora yamejadiliwa sana na wataalamu wa nchi nyingi. Jambo moja lilikuwa wazi: nyumba zilijengwa, na kwa haraka kuliko wengi walivyotazamia. Lakini wengi walizijenga ili kupangisha. Mwenye vyumba kadhaa alikaa katika kimoja au viwili, na kodi ya vile vingine ikamsaidia kulipa deni lake. Wako pia ambao hawakuhamia Dandora kamwe. Walipangisha vyumba vyote, nao wakabaki katika vibanda vyao vya zamani, kwa kuwa fedha za wapangaji zilikuwa na faida kwao kuliko raha ya kukaa katika nyumba nzuri. Wengine waliuza viwanja kwa watu wenye uwezo zaidi. Miaka ilipopita, juu ya viwanja vilivyokusudiwa jamaa mmoja na wapangaji wachache, yaliinuka majengo ya mawe ya ghorofa kadhaa, na mabomba ya miaka ya 1970 yakalemewa.

Watu hao walilaumiwa kwa kuwa walipewa nyumba wakazifanya biashara. Lawama hiyo si ya haki sana. Kibaba cha unga kikiuzwa kwa bei ya chini katika mwaka wa njaa, hakitakaa mkononi mwa mnunuzi wa kwanza, hasa ikiwa mtoto wake ahitaji karo ya shule. Mwenye kukilaumu kibaba hajauangalia mwaka wenyewe. Viwanja 6,000 vilikuwa vingi kwa kuvitazama, lakini kwa mji uliokuwa ukiongezeka makumi ya maelfu ya watu kila mwaka vilikuwa vichache; na kilicho chache hupanda kwa wenye fedha, hata kikigawiwa kwa kura. Isitoshe, hata wale wapangaji walipata chumba chenye choo na maji karibu, ambacho wasingalikipata kama viwanja visingalikuwapo.

Kosa lililo kubwa zaidi labda lilikuwa la mahali. Ardhi ya Dandora ilipatikana kwa sababu ilikuwa mbali, na jaa la taka la jiji lilikuwa jirani. Na umbali nao ni kodi. Mtu atoaye shilingi 80 kwenda kazini na 80 kurudi, kwa siku 25, hutumia shilingi 4,000 kwa mwezi, yaani theluthi mbili ya zile 6,000 alizotenga kwa ajili ya nyumba yake.

Katika nchi ya Chile, huko Amerika ya Kusini, jambo hilo lilipimwa kinyume chake. Katika mji wa Iquique jamaa wapatao 100 walikuwa wameishi kwa miaka 30 katika vibanda vilivyojengwa bila kibali, kwenye ardhi ya thamani karibu na katikati ya mji. Msaada wa serikali ulikuwa dola 7,500 kwa kila jamaa, fedha zisizotosha kununua ardhi hiyo na kujenga nyumba kamili. Mwaka 2003 na 2004 msanifu wa majengo Alejandro Aravena na wenzake hawakuwahamisha watu. Walinunua ardhi ile ile ya ghali, na kwa fedha zilizobaki wakajenga nusu ya kila nyumba: paa, ngazi, jiko, bafu, kuta zilizo nzito. Nusu ya pili iliachwa wazi, na wenyeji wakaijaza wenyewe kadiri walivyopata. Anayezitazama nyumba hizo leo aona rangi na madirisha ya kila namna, wala haziwapendezi wote. Lakini wenyeji walibaki karibu na kazi na shule.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yataja makazi yafaayo kuwa haki ya kila mtu. Katika mwaka wa 2023 ada ya nyumba ilianza kukatwa katika mishahara. Mahakama Kuu ikaikataa mwezi wa Novemba mwaka huo, na mojawapo ya sababu ni kuwa iliwaangukia wenye mishahara peke yao. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikapitishwa mwezi wa Machi mwaka wa 2024, nayo yaagiza mfanya kazi atoe asilimia 1.5 ya mapato yake, na mwajiri atoe kiasi hicho hicho. Sheria hiyo yawatenga wapatao chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wawe na fungu lao la nyumba.

Hao wa chini ya shilingi 20,000 ndio walio wagumu kufikiwa. Wengi wao ni mafundi wa jua kali, wauza mboga, wafuaji nguo na vibarua, ambao leo hupata na kesho hukosa. Benki huuliza karatasi ya mshahara, nao hawana. Huko Dandora wenye viwanja wa hali hiyo waliunda vikundi vya ujenzi, na wanawake walikuwa wengi ndani yake. Kila mwezi walichanga kwa pamoja, fedha zikatosha mawe na mabati ya chumba cha mwenzao mmoja; na chumba chake cha kwanza kilipokwisha, kikundi kikahamia kiwanja cha pili.