Dondoo muhimu: Kurusha droni Kenya kwa mujibu wa sheria

• Anza na kibali. Kabla ya kuagiza droni kutoka nje, omba idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Bila hiyo, droni inaweza kuzuiliwa forodhani.

• Isajili. Mmiliki awe ametimiza miaka 18.

• Jifunze urubani. Chagua chuo kilichoidhinishwa na KCAA. Leseni hutolewa baada ya kufaulu nadharia na vitendo.

• Zingatia mipaka. Usipite futi 400 kutoka ardhini, wala usikaribie watu au majengo chini ya mita 50. Isipotee machoni pako.

• Epuka viwanja vya ndege. Droni ikigonga ndege, abiria wako hatarini.

• Mbugani? Omba kwanza ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori.