SOMO KWA VIKUNDI: Rangi Zilizokoza, Usikimbilie Mkebe wa Nyeusi



Wengi wenu mna kazi ya kupaka rangi katika miradi yenu: madarasa, milango ya kanisa, maduka ya sokoni, vibao vya barabarani. Kazi hii inalipa, lakini kuna mahali inapowashinda wengi, napo ni pale mteja anapotaka rangi ya giza. Rangi nyeupe na krimu hazisumbui sana. Wacha mtu aseme anataka damu ya mzee, au kijani kama jani la mkahawa, hapo utaona mafundi wakikuna vichwa.

Nikumbuke kisa kimoja. Kikundi fulani cha vijana kilipata kazi ya kupaka milango sita ya shule ya msingi, rangi ya damu ya mzee. Walinunua nyekundu ya mafuta na mkebe mdogo wa nyeusi. Nyekundu ilikuwa inang'aa mno, kwa hiyo wakamimina nyeusi ndani. Ikatoka kahawia iliyofifia kama chai ya jana. Wakaongeza nyekundu ili irudi, haikurudi. Wakaongeza tena mpaka nyekundu ikaisha, wakatuma mtu dukani kuleta nyingine. Kufikia mlango wa nne, rangi haikufanana tena na ya mlango wa kwanza. Mwalimu mkuu alipokuja akasimama kimya kidogo, kisha akauliza, "Vijana wangu, mimi niliagiza damu ya mzee. Haya matope yametoka wapi?" Walirudia kazi yote kwa pesa zao. Mweka hazina aliniambia baadaye kwamba faida yote iliishia kwenye mikebe, na mchango wa mwezi ule ukawa haupo.

Vijana wale hawakuwa wavivu. Walikosa kitu kimoja tu, nacho ndicho somo letu.

KUKOZA NI KITU GANI?

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Rangi iliyokoza si lazima iwe rangi nyeusi. Chai iliyokoza ina majani ya kutosha, haijatiwa masizi! Vivyo hivyo mteja akisema, "Fundi, ikoze kidogo," anataka rangi ile ile iwe nzito na ya kina zaidi. Ukitia nyeusi unafanya jambo lingine: unaizima. Nyekundu iliyozimwa si damu ya mzee, ni kahawia chafu.

Kwa nini nyeusi inazima? Tunaona rangi kwa sababu ya mwanga. Rangi nyekundu humeza sehemu kubwa ya mwanga na kuturudishia ile nyekundu tu. Nyeusi humeza karibu mwanga wote, hata ule mwekundu tuliokuwa tunautaka. Tena nyeusi nyingi za dukani zina ubuluu kidogo ndani yake. Ndiyo maana ukitia nyeusi kwenye manjano haiwi manjano ya giza, inageuka kijani kama ya kinamasi. Jaribuni wenyewe kwa kijiko kimoja, mtashangaa.

TUMIA RANGI INAYOTAZAMANA NAYO

Chukua kijiti, chora duara kubwa mchangani. Weka mawe matatu kwenye duara, yawe mbali sawasawa: moja ni nyekundu, moja manjano, moja bluu. Sasa katikati ya nyekundu na manjano weka jiwe la rangi ya machungwa. Katikati ya manjano na bluu weka kijani. Katikati ya bluu na nyekundu weka zambarau. Simama katikati ya duara utazame: nyekundu inatazamana na kijani, bluu inatazamana na machungwa, manjano inatazamana na zambarau.

Rangi zinazotazamana hivyo hutuliza ukali wa kila mmoja. Tone la kijani ndani ya nyekundu huishusha na kuipa kina bila kuizima. Ukizidisha utapata kahawia, na hiyo nayo ni rangi nzuri mtu akiihitaji. Kwa bluu, kahawia inatosha, kwa maana kahawia ina machungwa ndani yake. Manjano ishushwe kwa kahawia, au kwa tone la zambarau.

Hapa chini ni vipimo vya kuanzia. Nasema vya kuanzia kwa sababu nguvu ya rangi haiwi sawa kutoka kiwanda kimoja hadi kingine.

Damu ya mzee: vijiko 10 vya nyekundu, kijiko 1 cha redi oksaidi (ile nyekundu ya kutu tunayopaka mabati), kisha bluu tone kwa tone. Bluu ikizidi utapata zambarau, kwa hiyo koroga vizuri kabla ya kuongeza tone lingine.

Kijani cha jani la mkahawa: vijiko 10 vya kijani, kisha nyekundu nusu kijiko kwa nusu kijiko mpaka ukali uishe.

Bluu ya usiku: vijiko 10 vya bluu, nusu kijiko cha kahawia. Hapa nyeusi kidogo inaruhusiwa mwishoni, maana bluu na nyeusi hazigombani sana.

Kahawia ya giza: vijiko 10 vya redi oksaidi, kijiko kimoja cha nyeusi, na bluu kidogo sana.

Sisemi nyeusi itupwe. Mimi mwenyewe sendi kazini bila mkebe wake. Ila iwe ya mwisho kuingia, tena kwa ncha ya kijiti, kwa sababu ina nguvu kuliko zote. Ikishaingia haitoki.

NYEUPE NI MTEGO MWINGINE

Kuna kikundi kilitaka kupata maruni kwa kununua ndoo kubwa ya nyeupe na chupa nyingi ndogo za rangi ya kukolezea. Haiwezekani, ndugu zangu. Nyekundu ndani ya nyeupe ni waridi, na hata ukimimina chupa zote itabaki waridi nzito. Zaidi ya hapo, rangi ya kukolezea ikizidi ndani ya ndoo, ukuta haukauki vizuri. Unashika baada ya wiki na mkono unatoka na rangi. Kwa rangi ya giza anza na rangi yenyewe, au mwambie mwenye duka akupe ndoo ile iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi za giza. Hiyo ina nyeupe kidogo sana au haina kabisa.

Na rangi ya maji isichanganywe na rangi ya mafuta. Hilo mnalijua, lakini bado naona watu wakijaribu kuokoa mabaki. Huganda kama maziwa mabovu.

CHANGANYENI MARA MOJA

Vijana wa ile shule wangeokoa pesa zao kwa hesabu ndogo. Mlango wa mita 2 kwa mita 0.9 ni mita za mraba 1.8 upande mmoja, 3.6 pande zote mbili. Milango sita ni 21.6. Kupaka mara mbili ni 43.2. Lita moja ikipaka takriban mita za mraba 10 kwenye mbao laini, wanahitaji lita 4 na kitu. Basi wachanganye lita 5 ndani ya ndoo moja, siku moja, kabla brashi haijagusa mlango. Wakoroge kwa kijiti bapa mpaka chini kabisa, kwa maana uzito hukaa chini, kisha wachuje kwa soksi ndefu ya akina mama. Kinachobaki kifungwe kwenye mkebe na kuandikwa jina la kazi. Mtoto akikwaruza mlango mwezi ujao, rangi yake ipo.

Lakini kabla ya ndoo kuna kijiko. Changanya kidogo, paka kwenye kipande cha ubao, ngoja kikauke. Rangi ya maji kwa kawaida hukauka ikiwa giza zaidi ya ilivyokuwa mbichi. Ukiilinganisha ikiwa mbichi umejidanganya. Rangi ya mafuta ipe mpaka kesho yake. Halafu kitazame kibao hicho juani, kisha ndani ya chumba chenyewe. Mpe mteja aone, akubali, naye aandike jina lake nyuma ya kibao. Hapo hata akibadili mawazo, mna ushahidi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni rangi ya chini. Nyekundu nyingi hazifuniki vizuri. Juu ya nyeupe utapaka mara tatu, mara nne, bado unaona michirizi. Anza na redi oksaidi chini ya damu ya mzee, au kijivu chini ya bluu, na mara mbili zitatosha. Redi oksaidi ni rahisi kuliko nyekundu, kwa hiyo hapo mmeokoa pesa. Tena rangi za kutu hazipauki upesi juani kama nyekundu zile za kung'aa.

UBAO WA DARASANI

Nyeusi ya ubao ni habari nyingine. Msipake nyeusi ya mafuta inayong'aa: mtoto aliyekaa pembeni huona mwanga wa dirisha tu, maandishi hayaoni. Nunueni rangi maalumu ya ubao, isiyong'aa. Na ile desturi ya kuvunja betri kuukuu za tochi ili kupata weusi iachwe. Unga ule una madini ya manganizi, ambayo yakivutwa puani siku kwa siku huharibu ubongo.

HADHARI KWA RANGI KUUKUU

Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa manjano, nyekundu na kijani, zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Siku hizi viwango vya Kenya haviruhusu risasi kupita sehemu 90 kwa kila milioni, lakini milango iliyopakwa zamani bado iko mashuleni. Vumbi lake huharibu akili za watoto wadogo, na mama mjamzito hulipitisha kwa mtoto tumboni. Kwa hiyo msikwangue kavu. Loweshani kwanza, pigeni msasa wa maji, mtandike karatasi chini, na watoto wakae mbali mpaka mmepangusa kwa kitambaa chenye maji. Fundi avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mwanawe.

ZOEZI LA MKUTANO UJAO

Mwenyekiti alete vipande vinne vya ubao na mikebe midogo: nyekundu, bluu, kijani, manjano, redi oksaidi na nyeusi, zote za mafuta. Gawanyikeni makundi mawili. Kundi la kwanza litengeneze damu ya mzee kwa kutumia nyeusi peke yake, la pili kwa vipimo vilivyo hapo juu. Kisha kila kundi lifanye vivyo hivyo na manjano, la kwanza kwa nyeusi, la pili kwa redi oksaidi. Katibu aandike kila kijiko na kila tone kwenye daftari la kikundi. Acheni vibao vikauke mpaka kesho, halafu mwiteni mama mmoja sokoni ambaye hakuwepo, mumwulize kibao kipi angekubali kwa mlango wake.