Kichwa Kikiwa Kizito Miezi ya Mwanzo ya VVU

Umebandika maharage, ukaenda kuanua nguo, na harufu ya kuungua ndiyo iliyokurudisha jikoni. Dukani mteja amekupa elfu kumi, hukumbuki chenji yake ni ngapi. Kama umekutwa na VVU karibuni, usijiite mjinga, na usidhani umerogwa. Virusi hufika kwenye ubongo ndani ya wiki za mwanzo za maambukizi. Wengi hawaoni mabadiliko yoyote. Wengine hupungukiwa umakini, hufanya mambo polepole, na hesabu ndogo huwachosha.

Anza dawa za ARV mapema. Nchini Tanzania, tangu 2016, anayekutwa na VVU haambiwi tena asubiri chembe za kinga (CD4) zishuke. Kufubaza virusi ndiyo kinga kubwa uliyo nayo kwa ubongo wako.

Hapa ndipo pagumu: kichwa kinachosahau ndicho unachokitegemea kukumbuka dawa. Basi usikitegemee. Meza kidonge pamoja na jambo usilolikosa kila siku, kama chai ya asubuhi. Weka alamu kwenye simu na uiite "chai". Hata mtu akiiona, hana la kuuliza. Ukishameza, weka alama kwenye kalenda. Ukishameza, si kabla. Alama ya kabla imewadanganya wengi.

Ukisahau, meza mara ukumbukapo, isipokuwa muda wa kidonge kinachofuata umekaribia. Usimeze viwili kwa pamoja. Na kama dawa yako ina dolutegravir na usingizi umekuruka, waulize kliniki yako ya VVU (CTC) kuhusu kuihamishia asubuhi. Akili isiyolala haikumbuki kitu.

Kwenye biashara, noti ya mteja iache juu ya meza mpaka umrudishie chenji; usiitie kwanza kwenye droo. Piga hesabu kwa simu hata kama zamani ulipiga kichwani. Unatuma pesa? Soma jina la mpokeaji kwa sauti ndogo ndipo uweke namba ya siri. Deni liandike palepale, mdeni akiwa bado amesimama.

Jikoni, alamu iwekwe kabla hujatoka mlangoni. Kama unaendesha bodaboda au mashine na unaona mikono inachelewa kuitikia, pumzika kazi hiyo hadi upimwe. Najua ni riziki. Bado nasema pumzika.

CTC usiishie kusema "nasahau". Andika matukio matatu ya wiki hii, uyasome mbele ya mhudumu: maharage, chenji, kituo cha daladala ulichopitiliza. Uliza kama wanaweza kukupima kumbukumbu. Kuna kipimo kifupi kilichojaribiwa Uganda na Marekani na kuchapishwa 2005: unagonga vidole haraka, unafuatisha mwendo wa mkono, unakumbuka maneno manne. Kinachukua dakika chache tu. Watajie pia huzuni isiyoisha, pombe na usingizi mbovu, kwa sababu navyo huziba kichwa vilevile, na vina tiba yake.

Lakini kichwa kikiuma vikali pamoja na homa, shingo ikakakamaa, ukapata degedege, upande mmoja ukalegea au ukachanganyikiwa ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huo si usahaulifu wa kawaida.

Leo hii chagua mtu mmoja unayemwamini. Mtajie dalili hizo za hatari, na umwambie akiziona asikusikilize ukisema utapona kesho.