Maoni ya mteja yakae juu ya mchoro

Swali: Nabuni nembo na vipeperushi, natuma kwa WhatsApp. Maoni ya wateja yananichanganya. Nifanyeje?

Jibu: Tatizo ni maoni kutengana na mchoro. “Punguza rangi” haisemi rangi ipi wala toleo lipi. Tena picha isipotumwa kama faili, WhatsApp huibana na ubora hupungua. Programu ya usanifu ya Figma humwezesha mteja kubandika maoni mahali penyewe, nawe ukayafunga ukisharekebisha. Utasema wateja hawapendi kufungua akaunti, na Figma huidai kwa anayetoa maoni. Ni kweli, hao watumie PDF yenye namba ya toleo na ya kila sehemu, wajibu kwa namba. Lakini hakuna programu inayomaliza ubishi wa wakubwa watatu upande wa mteja: kubalianeni mapema nani ana kauli ya mwisho.