Madhara ya kuanguka ngazini huweza kuchelewa kujitokeza

Mtu akianguka kwenye ngazi, watu humuuliza kama ameumia. Akisimama, akajipangusa vumbi na kucheka kidogo, mambo huishia hapo. Mara nyingi kweli huwa yameisha. Lakini yako majeraha yasiyoonekana siku hiyo, na mojawapo huja kujitokeza wakati kila mtu amekwisha kusahau kwamba kuna aliyeanguka.

Manyatta, mjini Kisumu, kwa miaka mingi ulikuwa mtaa wa nyumba za chini za mabati. Siku hizi nyumba za ghorofa zimechipuka kati yake, nyingine zikiwa na ngazi nyembamba zisizo na chuma cha kushikilia. Stima ikipotea, mpandaji hupapasa ukuta. Ongeza hapo mtungi wa maji wa lita 20, yaani kilo 20 zinazomvuta mtu upande mmoja. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Jeraha ambalo msomaji anapaswa kulifahamu zaidi ni kuvuja damu polepole ndani ya kichwa. Kati ya ubongo na utando mgumu unaoufunika hupita mishipa midogo ya damu. Mtu anapozeeka ubongo hunywea kidogo, na pombe nyingi ya miaka mingi huleta hali hiyo hiyo. Mishipa hiyo basi hukazika kama kamba ya kuanikia nguo. Kichwa kikigonga ngazi, hata bila kishindo kikubwa, mshipa huweza kuchanika na damu ikaanza kuvuja kidogo kidogo. Wiki 2 au 3, pengine miezi, hupita kabla ya damu hiyo kuubana ubongo. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, wamo katika hatari zaidi.

Dalili zake ni kichwa kinachouma kila siku zaidi ya jana, usingizi wa mchana, kusahau, hasira zisizo za kawaida, na mkono au mguu wa upande mmoja kulegea. Hapo ndipo penye mtego kwa watu wa kando ya ziwa. Kichwa kikiuma na mwili ukilegea, husemwa ni malaria. Mzee akisahau majina ya wajukuu, husemwa ni umri. Akiyumba, amelewa! Kupima malaria ni vyema. Lakini hata ikipatikana, na dawa zikaisha mgonjwa angali anasinzia, daktari aambiwe kwamba aliwahi kuanguka. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa, haionyeshi damu; inayotakiwa ni picha ya CT. Damu ikionekana, daktari wa upasuaji hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuitoa, na wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa.

Anayetapika mara kwa mara, kupatwa na kifafa au kushindwa kuamshwa baada ya kuanguka asingojee asubuhi.

Kifundo cha mkono nacho hudanganya. Aliyejikinga kwa kiganja huweza kuvunjika mfupa mdogo ulio chini ya kidole gumba, na eksirei ya kwanza isionyeshe kitu. Maumivu yakibaki kwenye kishimo cha hapo, picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Kukandwa hakusaidii. Sehemu ya mfupa huo hupata damu kutoka upande mmoja tu, na ikikosa damu hufa, mkono ukabaki na maumivu ya daima.

Kwa akina mama waliokoma hedhi, nyonga ndiyo ya kuogopwa, kwani mifupa yao huwa imepungua uzito. Wapo wanaotembea kwa siku kadhaa juu ya nyonga yenye ufa.

Kuna na woga. Aliyeanguka mara moja huacha kushuka kwenda soko la Kibuye, hutuma watoto, na misuli ya mapaja hudhoofika hadi anguko la pili likawa rahisi kuliko la kwanza.

Wengi huenda kliniki na daftari. Siku ya kuanguka, iandikwe humo tarehe, sehemu iliyogongwa, na kama mtu alipoteza fahamu.