Radi Imepiga, Maji ya Moto Yamekatika: Uanzie Wapi?

Guangzhou huwa na mvua nyingi za ngurumo kuanzia Aprili hadi Septemba. Tuseme umerudi jioni kutoka Shisanhang, ulikoshinda ukichagua nguo za jumla. Radi imepiga karibu na jengo lenu, taa zimezimika na kurudi. Watoto wanataka kuoga, lakini hita ya maji haiwaki. Ufanye nini?

Nyumba za hapa hazina tanuru la kupasha joto kama zile walizonazo ndugu zetu wa Kanada. Moto wetu wa nyumbani uko katika jiko na katika hita ya gesi iliyotundikwa ukutani. Ni kifaa kidogo, lakini kina gesi, umeme na moshi kwa pamoja. Kwa hiyo tukikague kwa mpangilio huu: gesi kwanza, umeme pili, mwako mwisho.

1. Gesi

Kabla ya kugusa swichi yoyote, nusa. Radi inaweza kutoboa bomba la gesi au kulegeza kiungo chake. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa, na usipige simu ukiwa ndani, kwa sababu cheche ndogo inatosha kulipua. Funga vali ya gesi ikiwa unaifikia kwa usalama, fungua madirisha, toa watu wote nje, kisha piga 119, namba ya zimamoto. Sema: "Meiqi lou le" (煤气漏了), yaani gesi inavuja.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini sakafuni. Gesi asilia ya bomba ni nyepesi na hupanda juu. Kwa hiyo nusa chini na juu.

2. Umeme

Kama hakuna harufu, angalia hita yenu ni ya aina gani. Hita nyingine hutumia betri mbili kubwa kutoa cheche. Hiyo haijaunganishwa na umeme wa nyumba, kwa hiyo jaribu kwanza betri mpya kabla ya kuilaumu radi. Nyingine huchomekwa ukutani kwenye umeme wa volti 220, na ina feni ya kusukuma moshi nje. Hiyo ndiyo inayoumia zaidi, maana radi si lazima ipige nyumba yenu. Ikipiga waya wa mtaani, nguvu yake husafiri hadi kwenye soketi na kuunguza bodi ya umeme iliyo ndani ya hita.

Nenda kwenye kisanduku cha breka. Breka ikiwa imeshuka, chomoa hita kwanza, mradi plagi na mikono yako ni mikavu, ndipo uipandishe mara moja. Ikishuka tena, iache. Usiilazimishe wala kuifunga kwa utepe, kwa sababu inakuambia kwamba kuna waya ulioungua au umeme unaovuja. Ikikaa na taa zote zikawaka, huenda kasoro iko kwenye hita. Ukiona alama nyeusi kwenye plagi au kunusa plastiki iliyoungua, usiichomeke tena.

3. Mwako

Kama hakuna dalili hizo, chomeka hita, fungua bomba la maji ya moto na usikilize.

- Kimya kabisa, na kioo hakiwaki: umeme haufiki, au bodi imeungua.
- Feni inazunguka lakini hakuna mlio wa cheche: sehemu ya kuwasha ina hitilafu.
- Cheche zinalia lakini moto hauwaki: angalia kama vali imefungwa au mtungi umekwisha.
- Moto unawaka kisha unazimika: njia ya moshi inaweza kuwa imeziba, au kihisi cha moto kimeharibika.
- Kioo kinaonyesha namba ya kosa: ipige picha umwonyeshe fundi.

Kazi yako inaishia hapo. Usifungue kifuniko cha hita. Mjulishe mwenye nyumba kabla ya kulipa chochote, na mwambie fundi: "Reshuiqi huai le, bei lei da le" (热水器坏了,被雷打了), yaani hita imeharibika, imepigwa na radi. Muulize pia umri wake. Kanuni za China zinaipa hita ya gesi miaka 8, na iliyopitisha umri huo ni bora kubadilishwa.

Hatari isiyo na harufu

Bomba la moshi likichomoka, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi hubaki ndani. Hainusiki wala haionekani. Watu kadhaa nyumbani wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, zimeni hita, tokeni nje na pigeni 120, namba ya gari la wagonjwa. Usimlaze mtu "apumzike kidogo" humo ndani.

Shisanhang yenyewe ina funzo. Mwaka 1822, moto ulioanzia katika duka la keki uliteketeza majengo ya wafanyabiashara wa kigeni yaliyokuwa hapo. Moto mdogo wa kupikia uliangamiza mali za watu ambao hawakuuwasha. Nasi tunaishi ghorofa juu ya ghorofa: kosa la chumba kimoja ni msiba wa jirani.

Kabla ya ngurumo ijayo

Chomoa hita na televisheni mawingu yanapotanda, si radi inapokuwa imeanza. Usioge wakati wa ngurumo, na subiri dakika 30 baada ya mlio wa mwisho.

Maswali ya kujibu pamoja nyumbani

1. Vali ya gesi yetu iko wapi, na nani anaweza kuifunga?
2. Hita yetu ni ya betri au ya kuchomeka?
3. Je, kila mtoto anajua tofauti ya 119 na 120?