Kulipia Mavuno Kabla ya Kupanda

Nataka kuwaeleza habari za mapatano baina ya watu wa mjini na wakulima, yaitwayo hisa za shamba.

Kwetu ni katika miteremko ya Mlima Elgon, ambako mama hulima kabichi. Wakati wa kupanda hana fedha, hivyo hukopa mbegu na mbolea. Kabichi zikikomaa huziuza kwa bei aitakayo mwenye lori, maana haziwezi kungoja. Mwaka jana nyingi zilioza shambani, nami nikachelewa kurudi shuleni majuma matatu kwa kukosa karo. Wakati ule ule dada yangu aliyeko Kampala alikuwa akinunua kabichi zilizonyauka, tena kwa bei ghali.

Mwaka wa 1986 mashamba mawili ya Marekani yalianza njia nyingine: Indian Line Farm la Bibi Robyn Van En, katika Massachusetts, na Temple-Wilton, katika New Hampshire. Njia yenyewe ni hii. Kabla ya kupanda, mkulima huhesabu gharama zote za mwaka: mbegu, mbolea, zana, na riziki yake mwenyewe. Jumla hiyo hugawanywa kuwa hisa. Mtu wa mjini hulipa hisa yake mapema, na mavuno yakianza hupokea kila juma fungu lake la mboga mbichi. Kule Temple-Wilton hapakuwekwa bei moja kwa wote. Kila nyumba iliahidi kadiri ya uwezo wake mpaka gharama zikatimia.

Lakini liko sharti. Mwenye hisa hanunui kabichi, bali hushiriki msimu. Mvua ya mawe ikipiga, fungu lake hupungua, wala kwa kawaida harudishiwi fedha. Mazao yakizidi, naye huzidishiwa. Kwa hiyo mkulima hana budi kuonyesha hesabu zake wazi.

Likizo iliyopita nilimweleza mama hayo yote. Alisikiliza, kisha akauliza, "Mwanangu, ukija mwaka wa ukame, hao watu wa mjini watalipa tena mwaka wa pili?"

Sikuwa na jibu. Ndugu zetu mnaofanya kazi mijini, swali hilo ni lenu. Je, mtalipa?